Laptopu inakuwa nzito nikichomeka monita ya nje: ninunue RAM au tatizo liko kwingine?

#1 Mhasibu Mdogo

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wajuvi wa kompyuta.

Nina Lenovo ThinkPad T480, used, nimeichukua Kariakoo mwaka jana. Prosesa ni Core i5-8350U, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) 8GB, SSD (hifadhi ya mafaili) 256GB, Windows 11. Kwa kazi zangu za hesabu haijawahi kunisumbua. Excel, brauza yenye kurasa nyingi, WhatsApp ya kwenye kompyuta, basi.

Sasa kaka yangu aliyeko Uingereza amenitumia monita ya inchi 27, ni 4K (nukta 3840 kwa 2160), kwa sababu kioo cha inchi 14 kilikuwa kinanimaliza macho. Nimeichomeka kwa HDMI. Picha safi mno, karatasi yote ya Excel naiona bila kusogeza. Lakini tangu siku hiyo mashine imekuwa nzito. Kishale cha mausi kinaburuzika. Nikisogeza dirisha linachelewa kufuata mkono. Nikiwa kwenye kikao cha Zoom huku faili la mteja liko wazi, feni inapiga kelele mpaka watu wa upande wa pili wanauliza nipo wapi. Nikichomoa monita, mashine inarudi hali yake, au karibu na hali yake.

Duka moja wameniambia niweke kipande kimoja cha RAM cha 16GB, hiki cha 8 wao wakichukue wanipunguzie bei. Jirani yangu ofisini anasema niiuze, nitafute yenye kadi ya picha. Kabla sijatoa hela nimeona nipite huku. Hivi monita inakula RAM kweli?

Naomba kuwasilisha.

#2 Msafiri Kafiri

Nakaa hapa mbele kabisa. Nina ugonjwa unaofanana na huo, nitaeleza baadaye.

#3 Chumvi Nyingi

Monita haili RAM. Monita ni kioo tu, haijui hata una RAM ngapi. Kinachokutesa ni Windows 11 kwenye mashine ya 2018. Weka Linux Mint ulale usingizi.

#4 Dodo Bivu

Chumvi na Linux yako kila uzi! Mtu ana Excel ya wateja na mafaili yenye makro, unamwambia aweke Linux. Dada, 8GB siku hizi ni ndogo, brauza peke yake inaimaliza. Ongeza RAM tu, utakuja kunishukuru.

#5 Kishoka Mstaafu

Dada, usinunue chochote leo. Kwanza tuangalie mashine yenyewe inasema nini, maana dalili ulizozitaja hazitoki sehemu moja. Mausi kuburuzika ni jambo moja, Zoom kulemaa ni jambo jingine, na feni huenda ni la tatu. Ukinunua RAM kutibu mausi utarudi hapa unalia.

Ukiwa umechomeka monita na umefungua kazi zako zote za kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda Performance, halafu Memory. Niambie iliyotumika ni kiasi gani, spidi ni ngapi, na pale palipoandikwa Slots used pamesema nini. Kisha bonyeza GPU hapo hapo, usome Shared GPU memory.

Ukimaliza, Settings, System, Display, shuka mpaka Advanced display. Juu kabisa chagua monita ya nje, sio kioo cha laptopu, halafu soma refresh rate yake. Hiyo namba ndiyo ninayoisubiri kwa hamu.

#6 Mhasibu Mdogo

Asante mkuu. Nimefanya kama ulivyosema, bila Zoom kwa sasa:

Memory: 6.9 kati ya 7.9GB. Speed 2400. Slots used 1 of 2.
Shared GPU memory: 1.1 kati ya 3.9GB.
Monita ya nje: 30Hz. Kioo cha laptopu: 60Hz.

Nikihama kutoka faili moja kwenda jingine, mstari wa Disk unaruka juu kisha unashuka.

#7 Kishoka Mstaafu

Hapo sasa tunaongea. Umejibu zaidi ya nilichouliza, huo mstari wa Disk nitaurudia.

Tuanze na mausi. 30Hz maana yake monita inabadilishiwa picha mara 30 kwa sekunde, wakati kioo cha laptopu kinabadilishiwa mara 60. Jicho linaona. Mkono unasogeza mausi, kishale kinafika kikiwa kimechelewa, na kichwa kinasema "kompyuta imekuwa nzito" wakati prosesa haina habari. Ungeweka RAM ya 32GB leo, kishale kingebaki vile vile.

Sababu ni tundu la HDMI. La T480 ni HDMI 1.4, ambalo linapitisha takribani gigabiti 8 za picha kwa sekunde. Picha ya 4K mara 60 kwa sekunde inahitaji karibu gigabiti 12, haipiti. Kwa hiyo Windows inashusha mpaka 30 kimya kimya, haikwambii kitu. Hata ukinunua waya wa HDMI wa bei mbaya wenye maandishi ya dhahabu, tundu ni lile lile.

Ila mashine yako ina mlango mwingine. Angalia ubavu wa kushoto, kuna matundu mawili ya USB-C. Yanatoa picha kwa mfumo wa DisplayPort 1.2, ambao unapitisha zaidi ya gigabiti 17. Hapo 4K kwa 60Hz inapita bila jasho. Tafuta waya wa USB-C kwenda DisplayPort, kama monita yako ina tundu la DisplayPort, na nyingi za 4K zinalo.

Tahadhari tatu kwenye ununuzi wa waya. Waya wa kuchajia simu hauwezi, hata kama kichwa chake kinaingia, kwa sababu ndani hauna nyuzi za picha. Adapta ya USB-C kwenda HDMI ziko za aina mbili, na zile rahisi zinaishia 30Hz, kwa hiyo utakuwa umehama nyumba na kunguni wako. Soma boksi, paandikwe 4K 60Hz. Na zile habu zenye matundu mengi, USB, kadi, intaneti na HDMI pamoja, nyingi zinagawa nyuzi nusu kwa picha na nusu kwa USB 3. Kwenye mashine ya umri huu hapo pia unarudi 30Hz. Chukua waya ulionyooka, unaofanya kazi moja.

Kuhusu RAM nitaandika usiku, sasa hivi kuna mteja mbele yangu.

#8 Chumvi Nyingi

Si nilisema? Kumbe ni waya. RAM ya nini tena.

Na dada, wakati unasubiri waya, bila kutoa hata senti: shusha monita kutoka 3840 kwa 2160 mpaka 2560 kwa 1440 hapo hapo kwenye Display, kisha weka 60Hz. HDMI 1.4 inaimudu. Herufi hazitakuwa kali kama sasa ila mausi itatulia. Hata ukiridhika nayo hivyo, umemaliza.

#9 Mhasibu Mdogo

Chumvi umenishangaza, nimefanya na mausi imetulia kweli! Ila herufi za Excel zimekuwa kama zina ukungu, na herufi ndizo zilizonifanya nitake monita. Nitatafuta waya.

#10 Buda wa Luthuli

Niaje wakubwa, nawasoma kutoka Nairobi. Kishoka ameongea ukweli kuhusu hizo habu. Hapa mtaani zinauzwa kila duka na boksi zote zimeandikwa 4K kwa herufi kubwa, hiyo 30Hz iko nyuma kwa herufi ndogo kama imeandikwa. Mimi huuliza muuzaji aichomeke nione mwenyewe kwa Advanced display kabla sijalipa. Akikataa, naenda duka lingine, yako mengi.

Kitu kingine: T480 na wenzake wa miaka ile, 2017 mpaka 2019, zilikuwa na shida ya programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C. Lenovo wenyewe walitoa tangazo la kuhimiza watu kuisasisha, kwa sababu ikiachwa hilo tundu linaweza kuacha kutoa picha au kufa kabisa. Ukinunua used hujui kama mwenye mashine wa kwanza aliwahi kusasisha. Dada, fungua Lenovo Vantage, programu yao ya masasisho, sasisha yote yaliyo upande wa Thunderbolt, ukiwa umechomeka chaja. Usikatishe katikati.

#11 Kishoka Mstaafu

Buda, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, ahsante sana. Dada, fanya hilo kabla ya kununua waya.

Sasa RAM. Chumvi, umesema monita haili RAM. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi yake ya picha, uko sahihi, kadi ina kumbukumbu yake. Kwenye T480 ya kawaida hakuna kadi. Kuna Intel UHD 620 iliyomo ndani ya prosesa, na haina kumbukumbu hata chembe. Inaazima RAM ile ile ambayo Excel inakalia. Ndiyo hiyo Shared GPU memory aliyoisoma, 3.9GB ni kikomo cha kuazima, 1.1 ndiyo iliyoazimwa wakati ule.

Fanya hesabu. Picha moja ya 1920 kwa 1080, kila nukta baiti nne, ni kama megabaiti 8.3. Picha moja ya 4K ni megabaiti 33. Na si moja. Kila dirisha lililofunguliwa lina picha yake pembeni, Windows inazichukua zote na kuzipanga kuwa picha moja ya mwisho. Dirisha la brauza lililojaza kioo cha 4K linabeba mara nne ya lile lililojaza kioo cha 1080. Halafu kuna jambo la kibinadamu: mtu akipata kioo kikubwa hafungi kitu. Zamani dada alikuwa anafunga faili moja ndipo afungue jingine, sasa anayapanga manne kwa pamoja kwa sababu nafasi ipo. Nusu ya hiyo 6.9 huenda ni ya namna hiyo.

Ndiyo maana Disk inaruka. RAM ikijaa, Windows inachukua yale usiyoyaangalia inayamwaga kwenye SSD, ukiyarudia inayavuta tena. Ingekuwa diski ya zamani ya kuzunguka, ungeenda kunywa chai.

Lakini ukubwa ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni hiyo 1 of 2, na hii mafundi wengi wa madukani hawaisemi. Kipande kimoja cha DDR4-2400, ndiyo aina na spidi ya RAM yako, kinatoa gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vikiwa kwenye sloti mbili vinafanya kazi sambamba, yaani njia mbili, na kutoa 38.4. Prosesa kwa Excel haijali sana tofauti hiyo. UHD 620 inajali mno, kwa sababu kila nukta inayoonyesha inaichota huko huko. Kurusha tu picha ya 4K kwenda kwenye monita mara 60 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 2 kila sekunde, hata kama umekaa hufanyi kitu. Na kuzichora na kuzipanga kunakula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo lile duka linalotaka kukupa kipande kimoja cha 16 na kuchukua cha 8 linakutoa kwenye njia moja na kukurudisha kwenye njia moja. Bakiza cha 8 chako, ongeza cha 8 kingine. Unapata 16GB na njia mbili, na unalipia kipande kidogo.

Nakuonya pia mapema: ukipata waya na kupanda 60Hz, kazi ya kurusha picha inaongezeka mara mbili. Mausi itapona, lakini Zoom inaweza kuwa nzito kuliko ilivyo leo mpaka RAM ifike. Usije ukaurudisha waya dukani.

#12 Dodo Bivu

Mkuu, na akiweka 16 pamoja na hiyo 8, awe na 24? Si bora zaidi? Nimesikia lazima vifanane.

#13 Kishoka Mstaafu

Si lazima vilingane ukubwa. Intel wanaita Flex. Katika 8 na 16, gigabaiti 8 za kila kipande zinakwenda sambamba, kwa hiyo 16 za kwanza ziko kwenye njia mbili, na 8 zilizobaki ziko kwenye njia moja. Ni nzuri kabisa kwa anayehitaji 24. Mhasibu mwenye Excel na Zoom sidhani kama anazihitaji, na kwa bei za sasa afadhali hela inunue kiti kizuri.

#14 Buda wa Luthuli

Bei usiseme. Tangu mwisho wa 2025 RAM zimepanda dunia nzima, si hapa tu. Viwanda ni vitatu vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, na vyote vinakimbilia kumbukumbu za seva za akili unde kwa sababu huko ndiko kuna pesa. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na jina lao la Crucial tulilozoea kununua rejareja. DDR4 nayo ni ya zamani, hakuna anayetamani kuitengeneza zaidi.

Kwa hivyo used ndiyo njia, na RAM used si mbaya, haichakai kama betri. Ila soma lebo. Unatafuta SODIMM, yaani RAM ya laptopu, 8GB, iliyoandikwa PC4-2400T au zaidi. Ukipata PC4-2666 au PC4-3200 chukua, itashuka yenyewe kwenda 2400. PC3 usiguse, ni DDR3, pengo lake liko mahali tofauti na haliingii, lakini nimeona mtu akilazimisha. PC5 vilevile hapana.

Na lebo hubandikwa. Ukifika nyumbani weka programu ya CPU-Z, fungua ukurasa wa SPD, linganisha chipu inasema nini na karatasi inasema nini. Halafu acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa kwamba utapima, uso wake utakupa jibu.

#15 Mla Urojo

Salamu kutoka Unguja. Samahani kuingilia uzi wa dada. Mimi yangu ina 16GB vipande viwili na ina NVIDIA ndani. Nikichomeka monita ya kawaida ya 1080 kwa HDMI inachemka hata nikiwa nasoma tu gazeti. Bila monita iko baridi. RAM haijajaa, ni 60Hz. Hapo tatizo nini sheikh?

#16 Tetere

Hiyo naijua. Laptopu nyingi zenye kadi mbili za picha, tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na NVIDIA. Bila monita, NVIDIA inalala na Intel inafanya kazi. Ukichomeka tu, NVIDIA inaamka na hailali tena mpaka uchomoe, na inatumia bomba lile lile la kupoza na prosesa. Jaribu kuchomeka kwa USB-C kama inatoa picha, katika baadhi ya mashine hilo tundu liko upande wa Intel. Fungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya PhysX kuna mchoro unaoonyesha kila kioo kimefungwa kwa nani.

#17 Mla Urojo

Kweli, mchoro unaonyesha HDMI iko kwa NVIDIA. USB-C iko kwa Intel. Nahamia huko. Mungu akupe kheri.

#18 Msafiri Kafiri

Na mimi sasa. X1 Carbon, 8GB. Nataka kuongeza.

#19 Kishoka Mstaafu

Pole ndugu yangu. X1 Carbon RAM yake imechomelewa kwenye bodi tangu kiwandani, haina sloti. Cha kufanya ni kupunguza unachofungua, au kuibadilisha. Habari njema ni kwamba RAM zake za kuchomelewa tayari ziko njia mbili, kwa hiyo monita haitakusumbua kama ilivyomsumbua dada.

Wanaotaka kununua used, hili mliangalie kabla ya rangi ya jalada. T480 ina sloti mbili. T480s, ambayo muuzaji atakwambia ni ile ile ila nyembamba, ina kiasi kilichochomelewa na sloti moja. T490 hivyo hivyo. MacBook Air zote za miaka hii zimechomelewa.

#20 Chumvi Nyingi

Uliza kwanza, "ina sloti ngapi?" Muuzaji akijibu "ni nzuri sana hii bosi", ondoka.

#21 Mhasibu Mdogo

Wakuu mrejesho wa kwanza.

Nilisasisha Thunderbolt kwa Vantage kama Buda alivyosema, ilikuwepo kweli moja inasubiri. Nimepata waya wa USB-C kwenda DisplayPort. Advanced display sasa inasoma 3840 kwa 2160, 60Hz. Mausi inateleza na herufi zimerudi kuwa kali. Tofauti na mwanzo ni mbingu na ardhi.

Na kama Kishoka alivyotabiri, Zoom imezidi kuwa mbaya! Jana katikati ya kikao sura za watu ziliganda nikiwa nafungua faili la mishahara. Task Manager ilionyesha Memory 95%.

#22 Chumvi Nyingi

Haya, nanunua hoja ya RAM. Lakini Linux ingetumia kidogo kuliko hapo.

#23 Kishoka Mstaafu

Tafuta hicho kipande cha 8 sasa. Kama utafunga mwenyewe, T480 ina jambo moja la kuzingatia: ina betri mbili, ile ya nje unayoivuta kwa mkono, na nyingine imefichwa ndani. Kuchomoa ya nje hakutoshi, bodi bado ina umeme. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, kwa F1 wakati inawaka, Config, Power, chagua Disable built-in battery. Mashine itazima. Hapo ndipo chomoa ya nje na ufungue jalada la chini. Skurubu sita, hazitoki kabisa, zinabaki kwenye jalada, usizivute. Jalada linabanwa na meno ya plastiki, tumia kadi ya zamani ya benki kulitenganisha, anzia upande wa betri. Shika chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini. RAM inaingia kwa mshazari, ukiisukuma chini vishikizo vya pembeni vinalia vyote viwili. Kimoja kikilia peke yake, haijakaa.

Ukiichomeka chaja tena, ile betri ya ndani inaamka yenyewe. Mara ya kwanza ikichelewa kuwaka na kioo cheusi, subiri, inajifunza RAM mpya.

#24 Mhasibu Mdogo

Mkuu, bisibisi na mimi hatujuani. Nilimpelekea fundi, nikamsomea maelezo yako kwenye simu. Alikuwa tayari ameshatoa betri ya nje na ameshika bisibisi, nilipofika kwenye BIOS akasimama. Akasema hilo la betri ya ndani wengi hawalijui, akaomba linki ya uzi huu.

RAM imekaa. CPU-Z inasema Channel: Dual, yaani njia mbili. Slots used 2 of 2. Nikiwa nimefungua kila kitu pamoja na Zoom iko 10.2 kati ya 15.9. Disk imetulia, nikihama faili linafunguka hapo hapo. Zoom haigandi.

Lililobaki ni feni. Imepungua lakini kwenye kikao cha saa nzima bado inanguruma.

#25 Kishoka Mstaafu

Imebaki joto, na RAM haipozi joto. Mambo ya kuangalia, kwa mpangilio wa gharama.

Zoom yako ina ukungu nyuma ya kichwa? Hiyo picha ya kukuficha nyumba. Inakokotolewa na prosesa kila sekunde kikao kizima. Zima, kaa mbele ya ukuta.

Kama unaangalia YouTube kwenye monita wakati wa kazi: bonyeza kulia kwenye video, Stats for nerds, tazama Codecs. Ikianza na av01, yaani video imebanwa kwa mfumo wa AV1, prosesa yako inaifungua kwa mkono, kwa sababu Intel walianza kuweka kifaa cha AV1 kwenye kizazi cha 11. Yako ni cha 8. Ikiwa vp09 hakuna shida, UHD 620 inaimudu. Shusha ubora wa video au weka kiongezi cha brauza kinachozuia AV1.

Halafu mashine ya 2018 iliyopita mikono miwili, grisi iliyo kati ya prosesa na bomba la kupozea imeshakauka. Rudi kwa fundi yule yule, ameshaifahamu njia. Apulize vumbi kwenye feni, aishike feni isizunguke wakati anapuliza, afute grisi ya zamani kwa spiriti na aweke mpya kidogo. Hiyo prosesa imetengenezwa kwa wati 15, ikipoa vizuri inapanda spidi na kukaa huko. Isipopoa inajipunguza yenyewe, ndipo mtu anadhani RAM haijasaidia.

#26 Tetere

Naongezea: kama unatumia laptopu ikiwa imefungwa chini ya monita, iinue au iegemeze. T480 inavuta hewa kutoka chini.

#27 Mhasibu Mdogo

Nilikuwa nimeiweka juu ya kitambaa cha kufuma cha mama ili isichubuke. Nimekitoa. Ukungu wa Zoom nao nimeuzima, sasa wateja wanaona pazia langu, si neno. Fundi kasafisha na grisi kaweka. Feni bado inasikika nikikaa kimya kabisa, ila kwenye kikao hakuna aliyeuliza tena.

Jirani yangu aliyeniambia niiuze ameniuliza kama T480 zimebaki pale nilipoinunua.

#28 Dodo Bivu

Mwambie aulize sloti.

#29 Kulwa wa Pili

Wakuu nimesoma uzi wote. Nina T14 Gen 1 ya Intel, 8GB, nataka monita mbili za 1080. Nianze na nini?

#30 Kishoka Mstaafu

Hiyo 8 yako iko wapi, kwenye bodi au kwenye sloti? Fungua Task Manager kwanza, Memory, usome Slots used na Form factor, utuletee hapa. Na useme monita zina matundu gani.